Nilimwita Baba Mlevi

Baba akininyoa, wembe wake ulinichana chini ya sikio… damu ikanitiririkia mpaka kwenye kola!

Wateja waliokuwa kwenye benchi waliruka wote.

"Baba! Umekunywa tena?"

"Shamahani mwanangu…"

Ulimi mzito. Ukope wa jicho la kushoto umemwangukia. Na mdomo unanuka pombe!

Jamani, huyu ni kinyozi wa miaka thelathini na nne! Kazi kanifundisha yeye, kiti changu kiko pembeni ya chake. Nikamnyang'anya wembe mbele za watu.

"Nenda nyumbani, mlevi wewe!"

Hakubisha. Alijaribu kuvaa koti, mkono ukagoma kupanda, akaondoka nalo kwapani.

Sasa nisikilizeni. Kila asubuhi baba alikuwa mzima kama wewe unayesoma. Anakata nywele, anawatania wenye vipara kwamba atawatoza nusu bei. Ikifika saa nane mchana, mkono unalegea, maneno yanaburuzika. Akilala kidogo, anapata nafuu.

Mimi nikasema, si pombe hiyo inamtoka kichwani? Nilijiona mjanja kweli.

Hata nilipompeleka zahanati, nilimwahi kusema: "Huyu ni pombe tu." Akapewa nasaha, tukarudi nyumbani.

Miezi mitatu ikapita hivyo. Wiki iliyopita maji yakampalia mezani, akashindwa hata kukohoa. Tukamkimbiza hospitali.

"Mzee, tazama dari, usishushe macho," daktari akamwambia.

Haikupita dakika… kope zote mbili zikashuka zenyewe!

"Huu si ulevi," daktari akasema. "Yapo magonjwa mengi ya mishipa ya fahamu yanayolegeza misuli, tutapima. Ila nahisi amri ya neva haifiki vizuri kwenye misuli. Dawa zipo. Tatizo mmechelewa."

"Lakini ananuka pombe, dokta!"

Mama akanigeukia.

"Baba yako hajameza tone la pombe tangu nimjue. Anasukutua na kutema. Chupa namnunulia mimi."

"Mama?!"

"Alisema mlevi akiacha pombe, wateja humrudia. Mwenye mkono mgonjwa, nani atampa shingo yake tena? Tukaona heri aonekane mlevi. Na wewe ukaamini upesi…"



Hospitalini misuli ya kupumua nayo ikalegea. Leo ni siku ya tatu baba anapumulia mashine. Nimemwomba radhi mpaka sauti imekauka, sijui hata kama ananisikia. Daktari anasema tusubiri. Mama anasali. Mimi nakaa tu hapa kwenye kiti, sina ninachoweza.

Ndugu zangu, mzazi akianza kulegea mkono, kuburuza maneno au kupaliwa na maji, usijifanye hakimu. Mpeleke kwa daktari mapema, umwache aeleze mwenyewe.

Mimi nilimsemea baba. Sasa natamani aniseme yeye… hata kwa matusi!