Doa Jekundu Kwenye Picha ya Mlima

YAH: OMBI LA KUONDOLEWA DOA MOJA KATIKA PICHA YA MWEZI

Katika ofisi ya ramani, barua yenye kichwa hicho ilipita meza tano na kugongwa mihuri minne, ilhali doa lenyewe halikuzidi ukubwa wa mtu aliyechuchumaa.

Kila mwezi ndege ya ofisi iliupiga mlima picha kwa rada, ambayo huona hata penye mawingu na moshi. Kisha mchambuzi, dada mmoja wa miwani minene, aliilaza picha mpya juu ya picha ya msingi, ile ya kulinganishia. Kisichobadilika kilibaki kijivu. Kilichoongezeka kilionekana chekundu.

Doa lilianzia kileleni. Mwezi wa pili lilikuwa limeshuka mteremko. Mwezi wa tatu lilikuwa nyuma ya nyumba ya mama yake mchambuzi, na rubani, mtu wa kutania kila kitu, alirudi bila utani, akisema walipopita hapo ndege ilijaa harufu ya nywele zinazoungua.

Mkuu wa kitengo hakuamini doa wala harufu. Aliamini kwamba mchambuzi alilichora mwenyewe ili serikali imhamishie mama yake mjini bure. Aliyasema hayo kwa upole, mlango ukiwa wazi, wengine nao wafaidi.

Mchambuzi akampigia mama simu palepale, akaiweka mezani kila mtu asikie. Akamsihi aje akae kwake siku mbili tatu.

"Na nyumba nimwachie nani? Huyu anayebisha hodi?"

"Nani anabisha, mama?"

Mama akashusha sauti. "Simjui. Anabisha kutoka chini ya sakafu, kwa adabu tu, na kila mara anauliza kama ameshaandikwa. Mimi namjibu bado."

Mkuu alicheka, akasema hata yeye angeweza kugonga sakafu kwa mwiko, kisha akatoa dawa ya kiofisi: picha ya mwezi huu ifanywe ndiyo picha ya msingi, doa liwe humo, lisihesabike tena kuwa badiliko; mchambuzi akikataa, basi ndiye mchoraji. Mchambuzi, huku hodi zikisikika simuni taratibu kama za mgeni asiye na haraka, na macho ya wenzake yakimpima kama mwizi aliyekamatwa, na ile harufu ya nywele sasa ikipanda kutoka chini ya meza ambako hakuna aliyethubutu kuinama, aliogopa kuitwa mwongo kuliko alivyoogopa kilichokuwa kinabisha, akabonyeza kitufe cha kukubali.

Hodi zikakoma.

"Kanyamaza," mama alisema. "Mmemwambiaje?"

Simu ikakatika.

Picha iliyofuata ilikuwa kijivu tupu, na mkuu akapata barua ya pongezi. Uani tu, pale mama alipozoea kukaa akichambua mboga, palikuwa na alama ya buluu, rangi ya kitu kilichokuwapo na sasa hakipo.

Ofisi ilimwandikisha yule aliyebisha, jini, kuwa sehemu ya mlima, naye akamchukua mama.