Mlango wa Chumba cha Kufulia

JUMANNE, SAA 10:20 JIONI

Kidole gumba cha Dada kilikuwa cheusi.

Hayakuwa masizi, wala wino. Ulikuwa weusi unaong'aa kidogo, umeingia kwenye mistari ya ngozi na chini ya ukucha. Kimya aliuona kabla hajaiona ramani iliyotandazwa mezani, kabla hajasikia hata neno moja. Aliujua. Ulikuwa unga wa penseli. Fundi huuponda kwa nyundo, kisha huupuliza ndani ya kitasa kikavu ili vyuma viteleze. Kimya mwenyewe alikuwa nao kidoleni kwa miezi minane, na kila jioni aliunawa shingo upande.

"Kazi hii sijamfundisha mtu," Fundi alimwambia siku ya kwanza. "Wewe tu. Baada yako, basi."

Sasa Dada ameketi karibu na Fundi, goti kwa goti, na kidole kinasema chenyewe.

Walikuwa wanne, katika chumba cha nyuma ya duka la funguo. Dirisha lilikuwa limezibwa kwa boksi. Fundi, mwenye duka na mwenye mipango. Breki, dereva, aliyeitwa hivyo kwa sababu breki ndicho kitu pekee ndani ya gari asichokitumia. Dada, aliyemtangulia Kimya kwa miaka mitatu na kwa kila kitu kingine: sauti, kiuno, madarasa. Dada alimaliza shule. Kimya aliishia la nne, mwaka ambao mama alisema mmoja abaki nyumbani. Na Kimya, mfagizi wa hospitali, ambaye hata akiungua hulia kwa ndani.

"Huyu sonara barabarani haguswi," Fundi alisema. "Ana bastola chini ya koti, na kibali anacho. Wawili walishamjaribu. Mmoja anachechemea mpaka leo."

"Na mwingine?" Breki aliuliza.

"Mwingine hachechemei."

Kimya hakuondoa macho kwenye kile kidole.

"Ila kila Alhamisi anampeleka mama yake hospitali kusafishwa damu. Na hospitali haingii na silaha, hata kibali kiwe na mihuri kumi. Hospitali, shule, mahakama, nyumba za ibada, baa. Ukikutwa nayo ndani, kibali kimekwenda, na wewe unaenda kulala selo."

"Baa pia?"

"Baa pia."

"Ndiyo maana wenye bastola wote wana sura za kiu."

Dada alicheka. Akicheka huwa anashika kitu. Safari hii alishika mkono wa Fundi.

"Getini kuna chumba chenye droo za chuma," Fundi aliendelea. Hakuutoa mkono. "Anaiacha humo, anapewa ufunguo, anaingia mikono mitupu. Mkoba wa dhahabu anaingia nao, maana dukani hamwamini mtu."

"Sisi tunaingia na nini?"

"Mikono mitupu vilevile. Pale getini kuna fremu inayolia ukipita na chuma. Siku hiyo hakuna atakayeitii sheria kutuzidi sisi."

Breki alisonya. "Jambazi bila bunduki. Nikisimulia nitachekwa."

"Sikiliza. Mtu aliyezoea bastola akiibiwa hamkimbilii mwizi. Anaikimbilia bastola yake. Wodini hadi getini, dakika mbili. Akishaichukua, ndani harudi nayo, labda awe amechoka na kibali chake. Itabidi azunguke ukuta kwa nje hadi nyuma. Dakika nne nyingine. Sheria inaishia ukutani. Nje ni barabara, na barabarani anaruhusiwa. Kwa hiyo tuna sita, na tunahitaji tatu."

Aliweka kidole kwenye ramani. Chumba cha kufulia, nyuma kabisa. Mlango mmoja wa kutokea barabarani. Wafuaji huupeleka ufunguo wao kwa msimamizi na kupandisha shuka wodini kuanzia saa tatu kamili. Mlango unabaki na kitasa chake tu. Vyuma vya kufungulia vilishaingizwa ndani. Kimya alivipitisha kimoja kimoja kwa wiki nzima, kwenye toroli la vifaa ambalo halipiti kwenye fremu.

"Kitasa atafungua Dada," Fundi alisema.

Kimya aliinua kichwa.

"Mimi ndiye..." alianza.

"Wewe unajulikana pale. Ukionekana mlangoni, kesho wana sura yako. Utakuwa getini unafagia. Akichukua bastola, nipigie, mlio mmoja." Alisema kwa upole, kama mtu anayemkatia mtoto mkate. Upole huo ndio uliouma zaidi. "Huo mlango unaujua kuliko sisi. Kuna lolote la kumwambia dada yako?"

Lilikuwepo. Bawaba ya chini ilikuwa imelegea. Hata kitasa kikikubali, mlango hauendi kokote mpaka uuinue kwa goti, kidogo, hapo chini kulia. Kimya alikuwa ameligundua peke yake siku moja ya mvua. Hakuna aliyemfundisha.

Dada alimtazama, anangoja. Alikuwa na tabasamu lile la kumsubiri mdogo wake apate neno.

"Hakuna," Kimya alisema.

ALHAMISI, SAA 2:35 ASUBUHI

Dada alivaa gwanda la bluu la Kimya, lile la akiba. Lilimkaa vizuri kuliko linavyomkaa Kimya mwenyewe.

"Nimependeza?" Dada aliuliza chooni, mbele ya kioo.

"Umekuwa mfagizi."

"Mfagizi mzuri lakini." Akamrekebishia Kimya kola. "Usiogope, mdogo wangu. Saa nne tuko mbali."

Kimya alichukua ndoo akatoka.

SAA 3:02

Sonara alifika akimsukuma mama yake kwenye kiti cha magurudumu. Mtu mnene, mtaratibu, viatu vimepigwa rangi. Alifungua koti bila kuombwa. Mlinzi wa getini alimpa fomu, naye akaijaza yote, hata pale ambapo watu huweka mstari tu.

"Namba tisa, mzee. Kama kawaida."

"Kama kawaida. Sheria ni sheria."

Aliiweka bastola ndani ya droo, akafunga, akavuta mara mbili kuhakikisha. Alipita kwenye fremu mkoba mkononi. Fremu ikalia. Mlinzi akaupekua mkoba, akaona vijisanduku vya vito, akamruhusu. Kimya alideki sehemu ileile kwa mara ya tatu.

"Binti, leo unataka kuitoboa sakafu?" mlinzi aliuliza.

"Ina doa."

SAA 3:14

Huko wodini, muuguzi alimwita sonara amnyanyue mama. Kila Alhamisi ni hivyo. Mkoba chini, mikono yote miwili kwa mama. Fundi alipita na toroli la shuka chafu, ndani ya ovaroli. Alipopita, mkoba haukuwepo tena sakafuni.

Kimya hakuona hayo. Aliona mwisho wake tu. Sonara alikuja mbio, kiatu kimoja mguuni, mdomo wazi bila sauti. Hakutazama nyuma hata mara moja. Aliuchomeka ufunguo kwenye tundu la droo.

"Mzee, ukishaishika hiyo, ndani hurudi," mlinzi alisema, amesimama katikati ya njia.

"Najua." Alikuwa anahema. "Wanatokea wapi? Nyuma kuna mlango?"

"Kwa wafuaji. Zunguka ukuta, kulia."

Akatoka. Kimya alibonyeza simu ndani ya mfuko wa gwanda. Mlio mmoja.

Dakika nne zikaanza.

SAA 3:17

Simu ilitetemeka. Kimya aliipokea akiwa amegeukia ukuta.

"Mlango umegoma." Sauti ya Fundi ilikuwa ya chini na kavu. Nyuma yake vyuma vilikwaruza. "Kitasa kimezunguka, lakini haufunguki. Unajua nini?"

Maneno matatu tu. Inua kwa goti. Yalikuwa pale kwenye ulimi.

Halafu akamsikia Dada. "Mwache, nitaweza. Nipe mkono tu hapa." Na Fundi, kwa sauti aliyodhani ni yake peke yake: "Taratibu. Usilazimishe. Sikiliza chuma."

Sikiliza chuma.

Maneno hayo Fundi alimwambia yeye kwanza. Kimya alikata simu. Angeyasema yale maneno, Dada angeinua goti, mlango ungefunguka, na ungekuwa umefunguliwa na Dada. Aliacha ufagio wa kudekia ukaanguka. Akakimbia.

Alikimbia kupita dirisha la dawa, kupita foleni ya kina mama, kupita ngazi. Mlinzi alimwita. Hakugeuka. Alikuwa na picha moja tu kichwani: Fundi akimwona.

SAA 3:20

Chumba cha kufulia kilikuwa na joto na harufu ya sabuni. Dada alikuwa amepiga magoti, jasho linamdondoka kidevuni. Fundi alikuwa amekumbatia mkoba.

"Ondoka," Kimya alisema.

Dada alisogea. Kimya aliweka goti chini kulia, akainua, akavuta kitasa. Mlango ulifunguka kwa wepisi, kama mlango wa kabati.

Fundi alimtazama. Alimtazama kweli, kama zamani.

"Hodari," alisema.

Neno hilo alilingoja miezi minane, na alilipata kwa muda wa pumzi moja. Dada, aliyekuwa ameegemea mwimo wa mlango, alitangulia kutoka.

Mlio ulikuwa mfupi. Haukuwa mkubwa kama Kimya alivyodhani bunduki hulia.

Dada aliketi barabarani. Aliketi polepole, kama mtu aliyechoka, na mkono ukaenda ubavuni. Hatua kumi pembeni sonara alikuwa amesimama, soksi imelowa, bastola mikononi. Barabarani anaruhusiwa.

Fundi aliruka juu ya miguu ya Dada. Hakusimama. Hakumwita yeyote. Mlango wa gari la Breki ulifungwa, na gari likaondoka na mkoba, na Fundi, na kona ikalimeza.

Sonara aligeuza bastola kuelekea mlangoni. Kimya alikuwa ameshamshika Dada makwapani. Alimvuta kinyumenyume, visigino vikiburuzika, mpaka miguu yote ikapita kizingiti.

Sonara alifika. Alisimama kwenye ngazi ya nje, ncha za vidole vya miguu zikigusa kizingiti. Alitazama damu kwenye sakafu ya hospitali. Alitazama bastola. Akaiteremsha.

"Mkoba wangu," alisema, kama anauliza.

SAA 3:40

Walikuwa na bahati moja tu: daktari hakuwa mbali.

Polisi walimfunga Kimya pingu kwenye bomba la ukutani, nje ya chumba cha upasuaji. Ofisa mmoja alishika daftari.

"Mwenzenu aliyekimbia. Jina lake?"

"Fundi."

"Jina, si kazi."

Miezi minane, na Kimya hakulijua.

Walimpitisha Dada juu ya kitanda cha magurudumu, gwanda la bluu limekatwa kwa mkasi, uso umepauka. Muuguzi alisimama kusubiri mlango ufunguliwe. Dada aligeuza kichwa.

"Mdogo wangu." Sauti ilikuwa nyembamba. "Ule mlango uliufanyaje?"

"Nyamazeni ninyi," ofisa alisema.

"Niliuinua. Nilikuwa najua tangu zamani."

Dada alikuwa amesoma, alijua kuunganisha mambo.

"Kwa ajili yake yeye?"

Muuguzi alianza kusukuma. Kimya aliinuka mpaka pingu ikamkata, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alipaza sauti, korido nzima ikageuka.

"Sikumtaka yeye, Dada. Nilitaka niwe na kitu kimoja ambacho wewe hukijui."