Buluu Iliyogoma Katikati

Kila Jumamosi asubuhi msichana aliyebandikwa jina Kichwa Ngumu alimfuata shangazi yake kazini, kwenye maabara ya chumba kimoja. Alivaa miwani ya kinga, akaketi mbele ya kisanduku cha kioo na kushika kalamu. Kazi yake ilikuwa kutazama unga wa njano wa kemikali uliotandazwa ndani na kuandika, kila baada ya dakika tano, rangi ya buluu imefika sentimita ya ngapi.

Kwenye ukingo mmoja wa unga palikuwa na punje za madini ya platini, ndiyo kichocheo cha kuanzisha mabadiliko. Shangazi alipofungulia gesi ya haidrojeni, platini ilizipasua molekuli za gesi hiyo kuwa atomu moja moja. Atomu hizo, ndogo mno kuonekana, zilitambaa juu ya unga na kuugeuza buluu kila zilipopita.

Siku hiyo buluu ilikwenda vizuri hadi katikati, ikagoma. Dakika tano, kumi, kumi na tano. Kichwa Ngumu akaandika: "Haijasogea."

Fundi wa maabara, kijana mwenye haraka zake, alichungulia daftari. "Wewe ulisinzia. Futa hilo, weka namba zinazofuatana, ripoti ya shangazi yako inaondoka leo."

"Sikusinzia, kaka. Siandiki nisichokiona."

"Basi Jumamosi ijayo ubaki nyumbani. Hapa hatutaki ubishi."

Maneno hayo yalimchoma, maana hakuna mahali alipopapenda kama pale. Machozi yalimlengalenga, lakini alilikumbatia daftari kifuani. "Nitabaki nyumbani. Kufuta, sifuti ng'o!"

Shangazi alisikia kelele, akaja. Alisoma daftari, akainama kwenye kioo. "Unga huu wote umetoka chupa moja?"

Fundi alijikuna kisogo. "Haukutosha, bosi. Nusu ya pili niliichota kwenye tanuri, ambako unga mwingine ulikuwa unakaushwa."

"Kumbe! Unyevu kidogo huzisaidia atomu kusafiri. Kwenye unga mkavu kabisa zimekwama. Na mimi nilikuwa karibu kutuma namba za kutunga!"

"Nisamehe, mdogo wangu," fundi alisema, akaenda kutafuta unga mwingine.

Ripoti haikuondoka siku hiyo. Shangazi alivuta kiti, akaketi karibu na binti wa kaka yake.

"Mtu akikwambia umekosea, usikasirike, tazama tena," alisema. "Ukiona kilekile, andika kilekile. Hata kama anayekuamuru ufute ni mimi."