Mkono Juu ya Boneti

Ijumaa hiyo ya mwaka wa 1971 nilikuwa na kazi zangu kama Ijumaa zote. Kwetu sisi Wasabato, kila kitu huwa kimekwisha kabla jua halijatua na Sabato kuanza: maji yamechotwa, nguo zimepigwa pasi, chakula cha kesho kimepikwa. Mume wangu alifanya kazi Kericho, kwa hiyo ya nyumbani yote yalikuwa yangu. Nilikuwa napanga nguo za watoto pale kaka yake, Nyamongo, aliponiita kutoka ng'ambo ya ua nikamshikie kioo.

Nyamongo alikuwa shemasi wa kanisa letu la Gesima, na alikuwa na Peugeot kuukuu aliyoipenda kuliko usingizi. Sasa alitaka kuifungia honi ya basi. Ya kwanza ililia kama mbuzi, alisema, na shemasi hawezi kutangulia kwaya akilia kama mbuzi. Ile mpya alikuwa ameshaifunga mbele na kuiunganisha. Lilibaki kutobolewa tundu moja la swichi kwenye dashibodi.

"Si umpelekee fundi Kisii?" nilimwuliza.

"Fundi ana nini? Ana mikono miwili kama hii yangu. Elekeza mwanga, shemeji."

Alilala chali chini ya dashibodi, nami nikamrushia jua kwa kioo cha kunyolea. Alikuwa na keekee ya mkono, ile inayosukumwa kwa mkono mmoja na kuzungushwa kwa mwingine. Kila mara aliuliza jua limefika wapi. Nikamwambia limeshika miti ya kilimani. Akaongeza kasi. Bati likaachia ghafla, ncha ya keekee ikazama yote ndani.

Moshi mwembamba ukatoka, na harufu ya mpira ulioungua. Ndani ya kioo nikaona fungu la nyaya limetobolewa, na waya mmoja umechunika kama shingo ya kuku.

"Hukutoa betri," nikamwambia.

"Ningetoa saa ngapi? Huoni jua?" Alifungia pale kipande cha karatasi ya mkate, akajifuta jasho. "Nitatengeneza Jumapili. Na wewe hukuona kitu, shemeji. Shemasi kushikwa na Sabato akiwa chini ya gari, unajua watakavyoimba."

Nilicheka. Nilikuwa na ndizi jikoni.

Wakati huohuo Kemuma alikuwa akipita na mzigo wa kuni. Alikuwa mjane wa boma la chini, mwanamke mzee asiye na mtoto. Mkono wake wa kulia haukuwa na kidole cha mwisho. Panga lilikichukua akiwa msichana. Aliuweka mkono huo juu ya boneti ili apumzike.

Honi ikalia.

Haikulia ikaacha. Ilinguruma mfululizo mpaka mbwa wa ng'ambo ya mto wakaitikia. Kemuma akaanguka na kuni zake.

"Mwanangu," alisema akiwa chini, "gari lako lina nini?"

Watu waliokuwa njiani walicheka. Jirani yetu Ombui hakucheka.

"Mbona imengoja yeye aiguse?" aliuliza.

Kesho yake, katikati ya maombi, honi ililia nje ya kanisa. Nyamongo alitoka mbio na suti yake akang'oa waya wa betri. Ibada ilipokwisha tulimkuta Kemuma amekaa nje ukutani, hatua tatu kutoka kwenye gari. Miguu ilimuuma na benchi za ndani zilikuwa zimejaa. Alikuwa amekaa pale kila Sabato, miaka yote.

Ombui aliuliza mbele ya kanisa zima. "Shemasi, tuambie tu. Gari lako ni bovu?"

Nilimtazama Nyamongo. Alijua waya uko wapi. Alijua pia ataulizwa nani aliutoboa na saa ngapi, na kicheko kitafika soko la Masimba kabla yake.

"Gari langu halina ubovu wowote," akasema.

Hapo ndipo Kemuma alipouawa. Yaliyobaki yalikuwa kazi ya mikono tu.

Jumapili asubuhi Nyamongo alirudisha betri ili apate kujua ni waya upi unaolia. Akaingia nyumbani kutafuta bisibisi. Binti yake Esnah, wa miaka tisa, akaketi kwenye usukani akicheza. Dashibodi ikashika moto. Tulipomvuta nje, ngozi ya mkono wake ilikuwa imebambuka kutoka kiwiko hadi vidole, inaning'inia. Drusilla, mama yake, alipiga mayowe. Mayowe yakaleta watu. Ombui alikuwa mbele yao.

Ilikuwa saa nne asubuhi, jua kali. Vijana walikuwa na marungu.

"Omorogi!" walipiga kelele. Mchawi. Kisha wakateremka kwa Kemuma kama maji.

Nilimshika Nyamongo shati. "Sema ni waya," nilimnong'oneza.

"Niseme sasa? Mtoto wangu ameungua, niseme ni mimi?"

"Basi nitasema mimi."

"Una watoto watatu na mumeo yuko Kericho," alisema polepole. "Wakikugeukia, nani atakutoa?"

Nikanyamaza. Siandiki haya ili nionewe huruma. Nilinyamaza.

Walimtoa Kemuma nje kwa kumburuta. Alimwona Nyamongo nyuma ya kundi. Akainua mkono wake wa vidole vinne.

"Mwanangu, waambie gari lako ni bovu."

Nyamongo alitazama viatu vyake.

Rungu la kwanza lilivunja mkono ule ule. La pili lilivunja taya. Baada ya hapo sikuhesabu. Walimrudisha ndani akiwa bado anatambaa, wakafunga mlango kwa nje, wakawasha nyasi za paa. Alipiga kelele moja tu. Ndefu. Sauti moja, haipandi, haishuki, haivuti pumzi.

Nilijua nimeisikia wapi.

Polisi walikuja wakauliza. Hakuna aliyekuwa ameona kitu. Wiki hiyohiyo Nyamongo aliburuta gari hadi Kisii, kwa fundi wa umeme aliyeitwa Otiende. Nilikuwa pale, nimempeleka Esnah kubadilishwa bendeji. Otiende aliingiza kichwa chini ya dashibodi akatoka akicheka.

"Mzee, huyu aliyetoboa hapa alikuwa anachimba kisima?"

"Nililinunua hivyo," Nyamongo akajibu.

Otiende aliweka nyaya mpya. Honi, kwa ombi la Nyamongo, aliing'oa yote, akamkabidhi ikiwa imefungwa kwa gazeti. "Sasa hata ukitaka kupiga, hakuna cha kupigwa."

Asubuhi iliyofuata nilisikia honi.

Nilitoka na mwiko mkononi. Nyamongo alikuwa amesimama mbele ya gari. Umande ulikuwa umefunika boneti yote, isipokuwa mahali pamoja. Pale palikuwa pakavu. Palikuwa na umbo la mkono. Vidole vinne.

Aliifuta. Asubuhi ya pili mkono ulikuwepo. Akaisugua kwa mchanga mpaka rangi ikatoka. Ukarudi juu ya bati tupu. Akatoa betri, akaiweka chini ya kitanda. Honi ikalia. Drusilla aliisikia. Esnah aliisikia, akaanza kuuficha mkono wake uliofungwa. Ombui hakupita tena njia ile.

"Nenda ukawaambie wazee wa kanisa," nilimwambia. "Twende wote. Nami nitasema nilishika kioo."

"Kuna waya mmoja fundi hakuuona," alisema. Macho yake yalikuwa mekundu. "Nikiukata huo, kwisha."

Ijumaa ya tatu, jua likiwa limeshika miti ya kilimani, nilimwona kupitia ua akiingia kwenye gari na keekee. Sikuitwa kushika kioo. Nilirudi jikoni.

Honi ikalia. Haikuacha.

Kisha ndani ya mlio huo nikasikia mtu mwingine, akipiga kelele kwa pumzi za kawaida. Nikakimbia. Drusilla alinitangulia, akauvuta mlango, akarudi nyuma akakaa chini kwenye majani.

Nyamongo alikuwa chali chini ya dashibodi. Nyaya zilikuwa zimetoka kwenye tundu alilotoboa na kumzunguka shingo, zimezama nyamani. Ulimi ulikuwa nje. Kiganja chake cha kushoto kilikuwa kimetobolewa katikati na kupigiliwa kwenye dashibodi, keekee ikiwa bado ndani.

Mlio ukakatika.

Nilitazama kwa makini, kwa sababu nilijua nitaulizwa. Keekee ile hutaka mikono miwili, mmoja wa kusukuma na mmoja wa kuzungusha. Wa kushoto ndio uliotobolewa. Wa kulia ulikuwa umefungwa nyaya kutoka kifundo hadi kwapani, umebana kifuani.

Mpini wa keekee ulikuwa wa moto.

Drusilla alimchukua Esnah akarudi kwao Nyacheki. Gari lilikatwa vipande. Mimi niliomba boneti, kwa sababu bati ni bati, na banda langu la kuku lilikuwa linavuja.

Ni miaka minne sasa. Kila asubuhi yenye umande boneti huwa imelowa yote, isipokuwa mahali pawili. Pa kwanza ni mkono wa vidole vinne. Pa pili ni mkono mzima, na katikati ya kiganja hukaa tone moja la mviringo. Nimezoea. Kuku hutaga kama kawaida.

Jana nilipokwenda kuokota mayai niliona pa tatu. Alama tano ndogo, kavu, kama ncha za vidole vilivyoanza kushuka.

Basi, nimeandika. Waya ulitobolewa na Nyamongo. Kemuma hakufanya lolote. Mimi nilishika kioo, nikaona, nikanyamaza. Kesho ni Sabato, na karatasi hii nitaisoma mbele ya kanisa.

Nimeiandika alfajiri hii, mlango ukiwa bado na komeo, sijatoka nje. Wino umesambaa kila nilipoishika karatasi. Nimejifuta mara tatu. Vidole vyangu vimelowa umande.