Nasaba ya Bi Zakiya

Bi Zakiya alikuwa jikoni akikaanga mahamri. Mwanawe, Huzaifa, alisimama mlangoni na kikombe cha chai. Huzaifa ni karani wa kutoa mizigo bandarini Kilindini. Kila asubuhi husimama hapo kwanza, azungumze na mamake kabla ya kwenda kazini.

Siku hiyo mamake hakuinua macho.

"Una nini leo, mama?"

"Sina kitu, mwanangu. Jana harusini wameitaja nasaba ya bwana harusi mpaka babu wa saba. Mimi nikajiuliza, Zakiya binti Sabir, bin nani?" Aliligeuza hamri. "Nitakufa sijui mama wa babangu aliitwa nani."

Babake Bi Zakiya alikuwa Muayalandi. Alikuja Mombasa kuwa fundi wa kreni pale Kilindini. Akasilimu, akaitwa Sabir, akaoa Mji wa Kale. Alikufa Zakiya akiwa bado msichana mdogo, akazikwa papa hapa. Kwenye chuo cha Kurani, wenzake walikuwa wakimcheka: "Babako aliokotwa baharini!" Bi Zakiya ni mtu mzima sasa, ana wajukuu, lakini neno hilo halijamtoka moyoni.

Huzaifa aliondoka na uchungu. Alimpenda mamake sana. Wakati wa chakula cha mchana alifungua simu, akaandika jina la zamani la babu yake: Samuel McKelvey. Mara moja akapata ukoo mzima uliowekwa mtandaoni na mtu asiyemjua. Samuel huyo alizaliwa katika kasri mjini Dublin. Babake alikuwa bwana mkubwa mwenye mashamba.

Huzaifa hakungoja. Aliuchapisha ukoo ule, akautia fremu, akautundika sebuleni. Bi Zakiya alilia kwa furaha. Akanunua halwa, akawapelekea majirani.

Jirani mmoja alikuja kutoa pongezi. Ni Bi Alefiya, Bohora wa nyumba ya pili, mkutubi mstaafu. Yeye mwenyewe alikuwa ameufuatilia ukoo wake hadi Gujarati, Bara Hindi, na kazi ile ilimchukua miaka.

"Hodi! Asalaam aleikum."

"Waaleikum salaam, Bi Alefiya. Karibu, starehe."

Bi Alefiya alivaa miwani, akausoma ukoo ukutani. Akasoma tena. Kisha akauliza kwa upole, "Bi Zakiya, wewe umezaliwa mwaka gani?"

"Arobaini na tisa."

"Basi huyu bwana alikufa mwaka wa thelathini na moja. Imeandikwa hapa chini."

Huzaifa uso ulimwiva. Bi Zakiya alimtazama mwanawe, akatazama sahani ya halwa.

"Kwa hivyo nimelisha mtaa mzima halwa kwa ajili ya baba wa watu?"

Bi Alefiya alicheka, na wao wakacheka naye, ingawa Bi Zakiya alikuwa akifuta machozi.

"Usijilaumu, Huzaifa," alisema Bi Alefiya. "Wengi huanza hivyo. Ukoo wa mtandaoni ni maneno ya mtu. Labda ni kweli, labda si kweli. Usiuchukue mpaka umeona ushahidi wake. Tena hukuanzia mahali pake. Umekwenda Dublin, na shahidi wako amekaa hapa anakaanga mahamri."

"Mama?"

"Mama. Anza na aliye hai. Muulize, na uandike kila neno, hata lile unaloliona halina maana. Kisha rudi nyuma kizazi kimoja kimoja. Usiruke."

Basi Huzaifa akaanza upya. Jioni baada ya jioni alikaa na mamake, na Bi Alefiya akija husaidia kuuliza. Bi Zakiya aliwashangaza wote wawili. Alikumbuka mambo ya zaidi ya miaka sitini.

"Akiniita 'wii Zakiya'," alisema. "Sijui ni nini, 'wii'."

"Maana yake mdogo," alijibu Bi Alefiya. "Ni neno la Waskochi. Watu wengi wa kaskazini mwa Ayalandi wana asili ya Uskochi. Wazee wao walivuka bahari kuhamia huko zamani. Lugha yao bado ina maneno hayo. Endelea."

"Alisema kwao ni Balimani. Na kabla ya kusilimu alikuwa Mpresibiteri, si Mkatoliki. Tena alikuwa na dada, Izabela. Aliwahi kututumia sweta la sufu. Sufu, hapa Mombasa! Mamangu alimfunikia paka."

Huzaifa alicheka mpaka kalamu ikamwanguka. Lakini Bi Alefiya hakucheka. Alikuwa anaandika kwa haraka.

"Wajua umetupa nini, Bi Zakiya? Mji, ni Ballymoney huo. Dini, nayo yatuonyesha kanisa gani liliandika ubatizo wake. Na jina la dada. Sasa twahitaji jina la babake."

Jina hilo walilipata kwenye cheti cha ndoa ya Sabir. Huzaifa alikwenda ofisi ya Kadhi kuomba nakala. Iliandikwa: Sabir, zamani Samuel McKelvey, fundi wa kreni, mwana wa Robert.

"Zakiya binti Sabir bin Robert," alisema Bi Zakiya polepole, kama anayeonja chakula kipya.

Sasa ndipo walipovuka kwenda Ayalandi. Bi Alefiya alieleza kwamba kumbukumbu nyingi za zamani za nchi hiyo ziliungua moto mwaka wa 1922, wakati wa vita. "Lakini si zote. Sensa ya 1901 na ya 1911 zipo. Hifadhi yao ya taifa ya nyaraka imeziweka mtandaoni, bure. Kuzaliwa kwa kila mtoto kuliandikwa na serikali tangu 1864. Na rejista nyingi za makanisa ya kaskazini zina nakala katika hifadhi ya Belfast."

Huzaifa alitafuta McKelvey katika sensa ya 1911. Hakupata.

"Hayupo, Bi Alefiya."

"Jina la Mwanaesha huandikwaje?"

Huzaifa alifikiri. "Mwanaesha. Mwanaisha. Mwana Esha. Hata Mwanaaisha."

"Ni mtu yule yule. Karani huandika alivyosikia. Jaribu McKilvey. Jaribu McElvey."

Wakapata Samuel wawili, wote watoto, wote karibu na Ballymoney. Huzaifa alitaka kumshika wa kwanza. Kisha akajizuia mwenyewe. Wa kwanza babake aliitwa William. Wa pili babake aliitwa Robert, mfumaji wa kitani. Dini, Presibiteri. Samuel, miaka mitatu. Na juu yake, Isabella, miaka kumi.

"Mama!" Huzaifa aliita. "Mama, njoo!"

Hata hivyo Bi Alefiya hakukubali kumaliza hapo. Walitafuta pia cheti cha kuzaliwa cha Samuel, kisha wakaandikia hifadhi ya Belfast kuulizia ubatizo. Majibu yalipokuja, yalikubaliana yote: baba Robert, mama Agnes. Ushahidi ulikuwa umetoka pande tatu.

Huzaifa alimkalisha mamake mbele ya kompyuta. Macho ya Bi Zakiya hayaoni vizuri siku hizi, kwa hivyo alimsomea.

"Mamake babu aliitwa Agnes. Katika sensa ile ya 1911 serikali iliwauliza wanawake walioolewa swali moja: umezaa watoto wangapi, na walio hai ni wangapi? Agnes alijibu tisa. Walio hai, wanne."

Bi Zakiya alinyoosha mkono, akagusa kioo mahali jina lilipokuwa.

"Watano alizika," alisema. "Na mtu wa serikali alipouliza, aliwahesabu wote. Hakumwacha hata mmoja. Maskini, mama yule! Alikuwa mwanamke kweli kweli."

Kisha akamgeukia mwanawe.

"Huzaifa, huo ukoo wetu umeshauandika?"

"Naandika sasa, mama. Nimekuandika wewe na baba, na mimi chini yenu, mtoto wa pekee."

"Futa hapo, mwanangu. Wewe si wa pekee. Kabla yako niliwazika wawili. Hatukuwa tukiwataja, babako hakuweza kustahimili. Andika Khubaib. Na baada yake Aida, aliyekuwa na nywele kama za Waayalandi."

Huzaifa alimtazama mamake kana kwamba ndiyo kwanza anamwona. Bi Alefiya alimwekea mkono begani. Huzaifa akavuta karatasi, akafuta neno "pekee", na kwa mwandiko wake mzuri akaandika juu ya jina lake kaka yake na dada yake.