Tilapia Waliokimbilia Ziwa Nzilo

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare ya shule, Tshiela aliteremka bondeni kwenye bwawa la samaki la baba yake, Tata Muteba. Alikuwa na kazi mbili. Ya kwanza aliipenda: kuwarushia tilapia pumba za mahindi na kuwatazama wakipandana migongoni kuzigombania. Ya pili aliichukia: kusafisha chujio. Lilikuwa wavu wa chuma uliowekwa kwenye mdomo wa bomba la kutolea maji, ili maji yapite kidogo kidogo na samaki wabaki. Mwezi wa Januari, mvua ilipoleta majani na matope, chujio liliziba kila siku. Ilibidi mtu aingie majini hadi magotini na kuutoa uchafu kwa mikono.

Bwawa lile halikuwa mchezo. Babu wa Tata Muteba aliletwa kutoka Kasai kuja kuchimba shaba Kolwezi. Baba yake aliichimba, na yeye mwenyewe aliichimba, mpaka kampuni ya mgodi ilipomfukuza pamoja na wenzake bila hata kuwaambia asante. Ndipo aliposhika koleo na kuchimba bwawa, peke yake, miezi minne.

Jumatatu moja Tshiela alikuta maji yamefika ukingoni. Saa kumi na mbili na nusu ilikuwa imegonga, na shuleni mtihani wa hesabu ulimngoja. Akawaza: nikilichomoa chujio, maji yatashuka yenyewe, nitalirudisha mchana. Akalivuta, akalitupa kwenye nyasi, akakimbia.

Mchana alirudi na rafiki yake Bilkisi. Kwenye kijito kinachopeleka maji ya bwawa ziwani, karibu na daraja la barabara, walikuta watoto wakirukaruka majini na kupiga kelele. Bilkisi naye akaingia, akaibuka na samaki mkononi. Baba yake, Tata Djafari, alikuwa mkuu wa kamati ya wavuvi wa Ziwa Nzilo, na binti huyo alijua samaki, hasa makobo, tilapia wa asili wa ziwa lile, kuliko alivyojua tarehe za historia.

"Kuya uone, Tshiela! Huyu si makobo ya kwetu. Angalia mukia: mistari, mistari, kama soksi za mucheza mupira!"

Tshiela aliijua mikia ile. Aliiona kila asubuhi.

"Labda ametoka mbali," alisema kwa sauti ndogo.

"Mbali wapi? Alipanda pikipiki ya taxi-moto?" Bilkisi alicheka, kisha akatoka mbio kumpelekea baba yake samaki yule.

Tshiela naye alikimbia hadi bwawani. Maji yalikuwa ya kifundo cha mguu. Baba yake, aliyekuwa safarini Fungurume tangu wiki iliyopita na kufika mchana huo, alisimama juu ya tuta na faili lake kwapani, majirani wamemzunguka.

"Ni kampuni!" alinguruma. "Jumamosi walilipua baruti, udongo ukatikisika, bomba likafunguka. Angalieni, hata chujio limerushwa mpaka kwenye nyasi! Walimwaga tindikali mtoni, wakasema si wao. Maji yaligeuka rangi ya chai, wakasema si wao. Nimeandika yote humu, siku na saa. Leo nimeongeza ukurasa, na saa tisa nitausoma kwenye mkutano na kampuni!"

Watu walipiga makofi. Tshiela alitazama miguu yake. Kunyamaza kulikuwa rahisi sana. Kampuni ilibeba madhambi mengi. Nani angeona moja zaidi?

Tata Djafari alifika akihema, samaki mkononi, Bilkisi nyuma yake.

"Muteba, samaki yako wamefika darajani. Wametoka lini?"

"Jumamosi. Tega nyavu uwakamate!"

Mvuvi aliinamisha kichwa. "Basi tumechelewa. Siku mbili? Wamekwisha kuingia ziwani."

"Si uvue ziwani!"

"Januari? Uvuvi umefungwa, unajua. Makobo wanazaa. Mama anabeba mayai kinywani. Nikitupa nyavu ziwani nitawaua yeye na batoto bake bule." Akauinua mkia ule wenye mistari. "Na huyu naye atazaa mwezi huu huu. Atanyang'anya viota vya makobo, atazaa nao. Nilikoanza kuvua nikiwa kijana, ilikuwa hivyo hivyo: samaki wa kufugwa walitoroka, na baada ya miaka michache kila samaki alikuwa nusu-nusu. Makobo wa kweli tulibaki kuwasimulia tu. Damu ikishachanganyika, ndugu yangu, hakuna wavu wa kuitenganisha."

Akageuka kuondoka. Tshiela alimwona Bilkisi akimfuata baba yake bila kucheka tena.

"Si Jumamosi!" Tshiela alisema. Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyotaka. "Ni leo, saa kumi na mbili na nusu. Si kampuni. Mi ndiye nilitoa chujio. Nilikuwa na uvivu wa kulisafisha."

Jirani mmoja akaangua kicheko. "Loo, Muteba! Kampuni yako imevaa sare ya shule!"

Wengine wakacheka. Tata Muteba hakucheka. Alifungua faili, akatoa ukurasa wa mwisho, akauchana mara mbili.

"Leo asubuhi?" Tata Djafari alirudi upesi. "Basi wengi bado wako kijitoni! Kijitoni makobo wetu ni wachache, tutawarudisha wazima. Bilkisi, nyavu! Mi naandika ruhusa ya kuvua kijitoni kwenye daftari la kamati: nani, lini, wapi. Sasa ninajua."

Walifunga wavu chini ya daraja, kisha watu ishirini wakaingia majini kutoka juu, wakipiga maji kwa vijiti na kuwasukuma samaki mbele yao. Tshiela alishika kazi ya kuchagua: mkia wenye mistari kwenye beseni, makobo kurudi kijitoni. Jioni ilipokaribia, mabeseni kumi na moja yalikuwa yamejaa. Tata Djafari alisema wavu ubaki pale wiki nzima kuwangoja waliojificha kwenye majani. "Wachache watapita," alisema. "Lakini wachache si mamia. Ziwa litapona."

Tata Muteba alirudi kutoka mkutanoni, faili kwapani, akamkuta binti yake ukingoni, amelowa hadi mabegani.

"Kesho tunaweka chujio la pili nyuma ya lile la kwanza. Utasafisha yote mawili, mpaka mvua ziishe."

"Ndiyo, Tata."

"Na usikie vizuri. Ningesoma ule ukurasa, kampuni ingeleta fundi mmoja tu. Angeona chujio limetolewa kwa mkono, na mambo yetu kumi ya kweli yangezikwa pamoja na lile moja la uongo. Hasira yangu ni ya haki, lakini leo ilitaka kunifanya mwongo. Wewe umekosea asubuhi, ukasema mchana. Kwa hiyo tumewahi. Wao wamekosea miaka yote, na mpaka leo hawajasema." Akamshika bega. "Mtu akifungua bomba, lazima awaambie walio chini ya mto kabla maji hayajawafikia. Hiyo ni sheria ya kampuni, ni sheria yangu, na ni sheria yako."