Kanda Iliyosimama Katikati

Kanda ilikuwa imesimama katikati. Hilo tu. Mtu mwingine asingeona kitu, na hata angeona angepita zake, lakini huyu alikuwa Mama Kanda, na jina hilo mtaani hawakumpa kwa heshima peke yake. Walimpa pia kwa kuchoka naye.

Maana alikuwa na maneno, yule mama. Ukimpelekea kanda zako za kamera akuhamishie kwenye kompyuta, kwanza unahubiriwa. Nunua kanda mpya, iliyo bado kwenye nailoni yake. Ukianza na aina moja, baki nayo. Usiilaze, isimamishe kama kitabu. Usiiweke juu ya spika, sumaku itakulia harusi yote na bibi harusi wake. Ukimaliza kurekodi, sogeza kile kidude chekundu cha pembeni uifunge, asije mtu akarekodi juu yake. Na kubwa kuliko yote, irudishe mwanzo kabla hujaiweka. "Kanda haiachwi katikati," alikuwa akisema. "Kwani wewe unalala mlango wazi?"

Sasa Alhamisi hiyo, saa nane mchana, jua kali nje, anafungua kabati lake mwenyewe anaikuta kanda yake mwenyewe, ile yenye karatasi iliyoandikwa CHIRIKU, utepe nusu huku nusu kule. Na kidude chekundu kiko wazi.

"Wifi!" aliita. "Umegusa kanda ya mwanangu?"

Wifi yake, dada wa marehemu mumewe, alikuwa mshonaji, na cherehani yake ilikaa chumba cha pili. Alitokeza kichwa mlangoni, pini mdomoni. "Mimi? Mimi na makanda yako? Nikigusa hata kabati unanifungulia semina ya siku mbili." Halafu akauona uso wa mwenzake, akazitoa pini. "Sijaigusa, wifi. Haki ya Mungu."

Chiriku ndilo jina walilokuwa wakimwita binti yake wa pekee, kwa jinsi alivyokuwa hanyamazi. Homa ilimchukua akiwa na miaka minane, na tangu hapo ilikuwa imepita miaka kumi na minne. Kilichobaki cha sauti yake duniani ni dakika arobaini ndani ya kanda ile: mchezo wa kujificha, alasiri moja uani. Mtoto kauelekea ukuta, kaziba macho, anahesabu mpaka kumi, kisha anauliza, "Tayari?" Na mama, kamera mkononi, anatafuta pa kujificha huku anacheka, anajibu, "Bado!" Mtoto anahesabu tena. "Tayari?" "Bado!" Hivyo hivyo mpaka kanda inakwisha.

Utauliza, mtu anayehamisha kanda za mji mzima, yake mbona hakuihamisha? Hata wifi aliuliza. Kuihamisha ni kukaa kuisikiliza dakika zote arobaini, na yule mama, pamoja na ubabe wake wote, alikuwa akiweza mbili. Mara moja kwa mwaka, siku aliyokufa mtoto, alitazama dakika mbili, akazima sauti, akaiacha kanda iende hadi mwisho na kurudi mwanzo ili utepe usigandamane. Basi.

Siku hiyo mwaka huu iliangukia Jumatatu. Na Jumatatu asubuhi alikuja mwashi mmoja na kanda aliyoikuta ndani ya ukuta wa nyumba aliyokuwa akiibomoa, imezungushiwa kitambaa cheusi na kufungwa mafundo saba. Ilikuwa imeota ukungu mweupe. Mama Kanda aliisafisha, akaitia kwenye deki. Pichani mtu amekaa chini kafunikwa shuka, watu wamemzunguka, na sauti ya mwanamume inauliza, "Unatoka? Unakwenda wapi?" Kisha picha ikageuka chenga tupu, na mwashi akasema basi, akaondoka hata kanda yake hakuitaka.

Ukishapitisha kanda ya ukungu, lazima ufungue deki uvifute vichwa vyake, vile vinavyosoma utepe, kwa pamba na spiriti, kwa sababu ukungu hubaki kwenye vichwa na kuhamia kanda inayofuata. Hilo Mama Kanda angeweza kukwambia usingizini. Lakini siku ile moyo wake ulikuwa kwa mwanawe. Alisahau. Akaitia ya Chiriku, na baada yake ya mwalimu mmoja mstaafu wa kike, ya mahafali ya shule, akaihamisha, akamrudishia.

Haya. Alhamisi akaibonyeza kanda ianze. Chiriku akatokea, kaziba macho, gauni la maua. Saba, nane, tisa, kumi. "Tayari?" Kabla mama wa kwenye kanda hajajibu, picha ikaruka, na pale ulipokuwa ua pakawa na chumba. Mezani kuna mwanamke kainama, kampa kamera mgongo, kitenge cha kijani. Mama Kanda akatazama kitenge alichovaa. Cha kijani.

Kilikuwa chumba kile kile, leo hii, kimepigwa picha kutoka kabatini.

"Wifi," alinong'ona. "Njoo. Njoo pole pole."

Walisimama wameshikana mikono. Harufu ikawajia, ya nywele zilizoungua na vumbi lililoloa. Kwenye kanda hapakuwa na sauti ila pumzi, nzito, za kitu kilichokuwa kikipumua karibu mno na kamera, na katikati ya pumzi hizo sauti ya mtoto, safi kabisa: "Tayari?"

Wifi akafungua mdomo. Mama Kanda akamziba kwa kiganja. Hakujua kwa nini. Alijua tu kuwa hapo hapajibiwi.

Aliirudisha mwanzo, akaifunga, akaitia kabatini, akageuza ufunguo. Ijumaa akaikuta katikati, na Jumamosi pia, na kila siku dakika za Chiriku zilizidi kuliwa, ua unapungua na chumba kinaongezeka, na kile kilichokuwa kikipiga picha hakikubaki kabatini, kilikuwa mlangoni, halafu kwenye ukumbi, halafu juu ya cherehani ya wifi kikimtazama utosini anavyotunga uzi, na Jumapili, alipotazama akiwa kasimama maana miguu ilikataa kukaa, aliuona uso wake mwenyewe umelala usingizi wa mchana, karibu kiasi cha kuhesabu kope, na ukucha mmoja, mrefu, mweusi, ukimtengeneza nywele kwa upole kama afanyavyo mtoto kwa mama yake. Zilikuwa zimebaki dakika tisa.

Wifi hakuomba ruhusa. Alikwenda kumleta mganga.

Alikuwa mtu mwembamba wa maneno machache. Alinusa mlangoni akakunja uso. "Limempanda nani kichwani?"

"Hakuna, mtaalamu," alisema Mama Kanda. "Sisi wote wazima."

"Mama, jini halikai hewani. Hupanda kichwa. Nionyeshe kichwa."

Hapo moyo wa Mama Kanda ukalia pa! Aligeuka akaitazama deki. "Vichwa," alisema taratibu. "Sikuvifuta vichwa."

Alimweleza yote, ya mwashi, ya mafundo saba, ya ukungu. Mganga alisikiliza, akashusha pumzi. "Walilitoa kwa mtu, likaulizwa linakwenda wapi, na karibu palikuwa na kamera. Nayo ina vichwa pia, siyo? Likapanda huko. Waliokuwepo walijua, wakaifunga kanda ukutani. Wewe ukalifungulia." Akauliza, "Baada ya ya mwanao, ilipita kanda nyingine?"

"Hakuna," alisema Mama Kanda.

Alisema haraka mno. Wifi alimtazama, akatazama chini. Mimi sisemi alisahau.

"Basi ni hii moja. Ifute yote, mwanzo hadi mwisho. Mashine nitaondoka nayo. Na likikuita, usijibu. Ukilijibu umelikaribisha."

"Zimebaki dakika tisa za mwanangu," alisema. "Mtaalamu, tisa tu. Niachie hata moja."

"Mama, kwa nini unadhani limeacha tisa?"

Aliifuta. Aliibonyeza deki irekodi giza juu ya kila kitu, na wifi akamkumbatia kwa nyuma, na mganga akasoma chini chini huku jasho linamtiririka. Harufu ilijaa mpaka macho yakachoma. Walipoingia zile dakika za mwisho, spika ambazo wifi alikuwa amezichomoa kwa mkono wake zikaanza kulia. "Mama, nimeziba macho. Mama, mbona kiza? Mama, usinifute." Mama Kanda aliuma mtandio wake, machozi yanamwagika, na hakujibu. "Tayari?" Hakujibu. "Tayari, mama? Tayari?" Kisha deki ikasema tak, kanda ikafika mwisho, na nyumba ikawa kimya.

Mganga akavifuta vichwa. Pamba ilitoka na unywele mmoja mweusi, mrefu kuliko mkono wa mtu. Akaifunga deki kwa kitambaa, mafundo saba, akaondoka nayo.

Siku kumi na moja nyumba ilitulia. Wifi akarudia utani wake. Mama Kanda alikula, alilala, alizungumza na wateja. Hakuwahubiria tena, na hilo ndilo lililomtia wifi wasiwasi. Alikuwa akikaa karibu na simu.

Siku ya kumi na mbili, saa nane mchana, ikalia. Alikuwa mwalimu mstaafu.

"Samahani fundi," alisema mwalimu, na sauti yake haikuwa na raha. "Hii kanda ya mahafali... Kuna mtoto amejitokeza ndani. Jana hakuwepo. Kauelekea ukuta, anahesabu. Na hapa kwangu kuna harufu, sijui niseme ya nini. Niitupe?"

"Usiitupe!" Mama Kanda alisimama. "Mwalimu, tafadhali. Kavaa nini?"

"Gauni la maua."

"Isogeze simu. Iweke kwenye spika ya televisheni. Usiseme kitu."

"Wifi, unaongea na nani?" aliita wifi kutoka chumba cha pili. Cherehani ikanyamaza. "Wifi? Wifi, kata hiyo simu!"

Nane, tisa, kumi, ilihesabu sauti simuni, safi, ya karibu, ya mtoto asiyenyamaza. "Tayari?"

Wifi alifika mlangoni akikimbia, na aliona kwa macho yake jinsi mama yule alivyotabasamu, tabasamu ambalo hakuliona usoni pake miaka kumi na minne.

"Tayari, mwanangu," alijibu Mama Kanda. "Njoo."